Karatasi Iliyofunga Dawa

Maiti ilikuwepo. Faili haikuwepo.

Lydie Basosila, mwalimu wa shule ya msingi, umri miaka ishirini na sita, alikuwa amelala kitanda namba tatu cha wodi ya wazazi katika hospitali ya Lisanga, upande wa Tshopo, amefunikwa kitenge cha mama yake kuanzia nyayo hadi utosini. Chini ya kitanda kulikuwa na beseni. Inspekta Micheline Lotika aliliangalia mara moja tu, akageuza uso. Miaka kumi na minne ya upelelezi mjini Kisangani: ameona waliochomwa visu, ameona walioopolewa mtoni. Lakini damu ya mwanamke aliyetoka kuzaa hakuwahi kuizoea, na hakuona haya kusema hivyo.

Ilikuwa Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi. Nje, ndugu wa marehemu walikuwa wamelitikisa geti mpaka bawaba moja ikang'oka. Ndiyo maana polisi waliitwa: kwa ajili ya geti! Kwa ajili ya Lydie nani angewaita? Mwanamke akifia uzazini watu husema Mungu amependa, wanakwenda kutafuta jeneza. Ila Micheline, kwa mazoea tu, aliomba faili ya mgonjwa. Wauguzi wakatazamana. Saa kumi na mbili, wakasema, faili ilikuwa mezani. Sasa haipo.

"Mtu kaiba faili ya maiti," alisema Nicolas, mpelelezi msaidizi wake, kijana mwenye mwandiko mzuri na maswali mengi. "Kwa nini, Chef?"

"Kwa sababu kuna kitu kimeandikwa ndani. Mulete mkunga."

Mkunga aliingia akijipangusa mikono iliyokwisha kukauka zamani.

"Jina?"

"Karima Assumani."

"Wewe ndiye ulimuzalisha?"

"Mimi. Mutoto alitoka muzuri, analia vizuri. Kisha damu ikaanza."

"Ukafanya nini?"

"Nikamupiga sindano ya kukaza kizazi. Moja. Damu inatoka tu. Ya pili. Ya tatu. Ya ine. Mama, ilikuwa kama niko namupiga maji!"

"Daktari alikuwa wapi?"

"Docta Désiré alikuja mbio, hata viatu hakuvaa. Alipofika, Lydie alikuwa anakata roho."

"Dawa ilitoka wapi?"

"Famille walinunua inje. Ya lopitalo iliisha tangu mwezi wa tisa."

"Inje wapi?"

Karima aliinamisha macho. "Sijue. Ilikuwa kwa ordonnance, ile karatasi ya dawa ya docta. Na ordonnance ilikuwa ndani ya faili."

"Kisha saa kumi na mbili nani aliingia humu?"

"Mimi. Mama wa kusafisha. Docta."

Micheline aliona kwamba anafichwa neno. Mtu asiyejua hukutazama usoni akasema sijui, halafu basi. Aliandika kwenye daftari lake: *Rudi kwa Karima.* Akapiga mstari chini yake mara mbili.

Mama wa marehemu alikuwa uani, kule ambako ndugu wa wagonjwa hulala mikekani na kupika. Mji huu mgonjwa halazwi peke yake. Dada au mama huja naye, anamwogesha, anampikia sombe, anakimbia kumnunulia dawa. Wanaitwa garde-malade, na wana sheria yao moja ambayo haimo katika kitabu chochote cha hospitali: dawa uliyoinunua, chupa yake tupu lazima irudi mkononi mwako. Usipoidai, muuguzi atakuambia sindano imepigwa, kumbe dawa iko mfukoni mwake inasubiri mnunuzi wa pili.

Mama Augustine alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, mjukuu mapajani. Hakulia. Alifungua fundo la kitambaa chake cha kichwani.

"Zote ine hizi hapa, Mama Inspekteur. Niliziomba hata wakati mutoto wangu alikuwa anakufa. Niliogopa watasema hatukununua."

Vichupa vinne vidogo vya kioo, vimevunjwa shingo, vimefungwa ndani ya karatasi ya daftari.

"Ulinunua wapi?"

"Siyo mimi nilienda. Nilimutuma mutu wa toleka, yule wa baiskeli, na karatasi ya docta. Alileta, akaenda zake. Simujue jina."

Micheline aliikunjua ile karatasi. Ilikuwa imla ya Kifaransa, herufi zimelalia kushoto, kalamu nyekundu ya mwalimu imepita juu yake. Chini pembeni palikuwa na sahihi ya mzazi.

Sahihi ilikuwa yake.

Akaisoma tena, kana kwamba mara ya pili ingebadilika. Ulikuwa mwandiko wa Chance, binti yake wa miaka minane. Mwezi wa saba, shule zilipofungwa, Mama Viviane, mke wa Docta Désiré, alipita nyumbani kuomba madaftari ya zamani. "Usitupe, Mama Chance. Tunafungia dawa pale farmasi." Farmasi Neema, karibu na soko. Mlangoni limeandikwa jina la Viviane peke yake, lakini nyumbani kwa Désiré kila mtu alijua nani aliianzisha na nani anaagiza mzigo.

"Na ile karatasi unaibeba?" aliuliza Mama Augustine.

"Ninaibeba."

Vichupa akavitia ndani ya bahasha ya vielelezo, akaandika tarehe na saa. Karatasi akaitia ndani ya mkoba wake, katikati ya leso na funguo. Nicolas alikuwa getini akituliza watu, hakuona. Ilikuwa saa mbili na robo.

Sasa msinihukumie haraka mama wa watu, kwanza mjue Désiré ni nani kwake. Siku Chance alipozaliwa, alitoka wa bluu, kimya, kitovu kimemzunguka shingo. Umeme haukuwepo. Muuguzi alishika tochi, na Désiré Bokungu akampulizia mtoto pumzi kwa mdomo wake mwenyewe, dakika ishirini nzima, wengine wakimwambia aache. Hakuacha. Kwenye ubatizo ni yeye aliyekuwa parrain, baba wa ubatizo, na kila Noeli anaingia mlangoni kwa kelele akiuliza mke wake mdogo yuko wapi, Chance anamrukia shingoni. Utampeleka vipi mtu kama huyo mahabusu?

Hivyo ndivyo Micheline alivyojisemea akipanda ngazi kwenda ofisini kwa Désiré, peke yake. Lakini alijua pia jambo la pili, na hilo lilimwasha kifuani: kama dawa ile ilikuwa mbovu, farmasi ikiendelea kuwa wazi, mwanamke mwingine atainunua.

Désiré alikuwa amekaa, kichwa mikononi, miguu bado haina viatu.

"Mama Chance."

"Nimekuja kikazi, Parrain."

"Najua. Uliza."

"Faili ya Lydie iko wapi?"

"Wauguzi hawana mpango. Itaonekana."

"Ile dawa haikufanya kazi."

"Wanatuma batu wa toleka, wananunua popote. Pale soko kuna wauza dawa chini ya jua, wanachanganya kila kitu. Angalia kule." Akanyanyua macho. "Chance hajambo? Kile kikohozi?"

"Kimeisha."

"Mungu asifiwe."

Palikuwa na swali moja tu la kuuliza: Parrain, uliwatuma wapi? Maneno matatu. Aliwahi kuwauliza wauaji maswali magumu kuliko hilo bila kupepesa. Alilimeza, likashuka kama mwiba wa samaki, akaaga.

Hakurudi kwa Karima.

Mchana ule walimkamata muuza dawa wa sokoni, Rachidi, mzee mwembamba kutoka Maniema, na sanduku lake la vidonge.

"Unauza sindano za wazazi?"

"Mimi? Mama, angalia sanduku. Vidonge tupu. Ile ya sindano inataka friji, na mimi hata parapluie ya kujikinga jua sina!"

"Lydie Basosila unamjua?"

"Simujue. Wallahi simujue."

"Muweke ndani."

Nicolas alisubiri mpaka mlango wa chuma ufungwe. "Chef, mzee anasema kweli."

"Tutaona kesho."

"Kesho tutaona nini?"

"Nicolas! Nimesema kesho."

Usiku haukumpa usingizi. Jumanne alikaa ofisini akipanga karatasi zilizokwisha pangwa. Mara tatu alinyanyua simu ili ampigie Désiré, amwambie tu: funga farmasi, toa zile dawa, mengine tutaongea. Hata hilo hakulifanya, maana kumwambia hivyo ni kukiri kwamba anajua, na akijua, yeye ni inspekta. Akairudisha simu mezani. Kupitia ukutani alimsikia mzee Rachidi akikohoa.

Jumatano asubuhi simu ililia yenyewe. Alikuwa Karima.

"Mama, kuja. Iko mwingine."

Aliitwa Aurélie, miaka kumi na tisa, mimba ya kwanza, mke wa mvuvi wa Yanonge. Wakati Micheline na Nicolas wanafika, Désiré alikuwa chumba cha upasuaji. Wakangoja koridoni. Damu ilikuwa imechora njia kutoka wodini mpaka mlangoni, na mama wa kusafisha alikuwa anaifuata kwa tambara, anasukuma, anakamua, anasukuma.

Karima alisimama mbele yao. Safari hii hakutazama chini.

"Ataishi," alisema. "Docta anamutoa kizazi. Hatazala tena."

"Alipigwa dawa gani?"

"Ile ile. Waliinunua jana, wakaiweka tayari ndani ya kikapu, pamoja na nguo za mutoto. Jana, Mama! Na docta aliandika ordonnance nyingi mbele ya wakati, akazitia sahihi, akatuachia. Kila mama anapewa, anaambiwa kwa mudomo: enda Neema." Akatoa karatasi mfukoni mwa koti lake la kazi. "Ilifungwa humu."

Ilikuwa hesabu za kugawanya. Herufi zimelalia kushoto.

Nicolas aliipokea, akaigeuza, akaona sahihi chini. Aliijua sahihi ile vizuri, kila siku anaiona kwenye taarifa zake. Micheline alifungua mkoba wake, akatoa imla, akaiweka juu ya hesabu.

"Hii inatoka kwa vichupa vya Lydie," alisema.

"Chef. Ulikuwa nayo tangu lini?"

"Tangu Jumatatu."

Karima alijiziba mdomo. Nicolas alizishika zile karatasi mbili kama mtu aliyepewa mtoto wa mtu mwingine amshikie, hajui aweke wapi mikono. Alikuwa na umri wa kuwa mdogo wake wa mwisho, na alikuwa amejifunza kazi yote kwake.

"Enda Farmasi Neema," Micheline alimwambia. "Ifunge. Usiniambie utakachokikuta. Kesi si yangu tena, haikupaswa kuwa yangu hata saa moja. Na pita umfungulie Rachidi kwanza."

Alibaki koridoni na Karima.

"Na mimi nilijua," alisema mkunga. "Jumatatu nilikuambia sijue. Nilijua."

"Niliona."

"Kila mwezi wa kwanza kuna kikao cha komite ya dawa. Mutu anasimama, anasema: mimi niko na farmasi, ao muke yangu anauza dawa. Mwenye iko nayo anatoka inje, wenzake wanachagua dawa itatoka wapi. Docta mwenyewe njo président wa komite. Mwaka huu alisimama akasema yeye hana, aliuza. Sisi wote tulijua hakuuza. Nani atamunyooshea kidole? Alinizalisha hata mimi." Akaanza kulia. "Ningesema, ile mutoto angekuwa na kizazi chake."

Micheline alitoa leso mkobani, akampa.

Farmasi ilikuwa na friji nzuri, nyeupe, yenye pazia la maua juu yake. Nicolas alitia kipimajoto ndani: nyuzi thelathini na moja. Injini ilikuwa imekufa tangu mwezi wa tisa, na sasa ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Dawa inayotakiwa kukaa kwenye baridi ilikuwa imechemka humo wiki tisa, vichupa arobaini na viwili, namba ya toleo ile ile iliyokuwa kwenye vichupa vya Mama Augustine. Chini ya kaunta palikuwa na rundo la madaftari ya Chance, yamechanwa nusu. Mama Viviane alijibu kila swali bila kusita, kwa sababu hakujua anajibu nini. "Désiré alisema fundi atakuja. Alisema dawa ni ngumu, haiharibiki kirahisi. Kuna nini, tonton wa polisi? Kuna mutu amelalamika?"

Désiré walimhoji saa nane mchana kituoni. Nicolas aliuliza. Micheline alikaa pembeni karibu na dirisha, kwa sababu daktari alisema hatatamka neno kama hayupo.

"Faili ya Lydie Basosila?"

"Sielewi."

"Friji ya Farmasi Neema ilikufa lini?"

"Muulizeni mwenye farmasi."

"Mwenye farmasi ni nani?"

Désiré alimgeukia Micheline. "Mama Chance, ongea na huyu kijana. Unanijua mimi."

"Ninakujua, Parrain," alisema. "Jibu."

Sauti yake ilikatika katikati ya neno. Désiré aliisikia, na ndipo mabega yalipomshuka. Alianza kuvua pete ya ndoa na kuirudisha, kuivua na kuirudisha.

"Faili niliichoma. Nyuma ya jiko, Jumatatu."

"Kwa nini?"

"Ordonnance ilikuwa na mwandiko wangu na jina la Neema. Ile moja nililiandika, Jumapili jioni, maana mutu wa toleka hakujua njia."

"Ulijua dawa imeharibika?"

"Mwezi wa kumi wanawake wawili walitokwa damu sana. Niliwaokoa, nikasema ni bahati mbaya. Lydie alipokufa, nilijua. Nilikuwa nimesimama pale, nimeshika mkono wake, nikajua."

"Jumatatu."

"Jumatatu."

"Jumanne farmasi iliuza dawa hiyo tena. Kwa nini hukuifunga? Mke wako yuko pale, neno moja tu."

"Angeniuliza sababu! Ningemwambia nini? Kwamba tumeua mtu?" Alipiga meza, si kwa hasira. "Na kusema dawa ni mbovu ni kusema duka ni langu. Nilisimama mbele ya komite nikasema sina duka. Mimi mwenyewe ndiye nilitunga ile kanuni ya kutangaza maslahi! Niliiandika kwa mkono wangu, nikawatoa wengine nje ya kikao. Ningesimama tena vipi? Nilisema kesho. Kisha mkamkamata yule mzee wa sokoni, nikaona... nikaona labda imepita. Nilimshukuru Mungu, Mama Chance. Mtu amefungwa bure, mimi nikashukuru."

"Na leo?"

"Leo nimetoa kizazi cha mtoto wa miaka kumi na tisa. Mikono haikutetemeka hata kidogo. Andika hivyo."

Nicolas aliandika. Désiré alitia sahihi kila ukurasa kwa utulivu, kama anavyosaini vyeti. Askari alipomshika mkono, alisimama mbele ya Micheline.

"Ulijua Jumatatu?"

"Nilijua."

"Kwa nini hukuja kunikamata?" aliuliza, na ilikuwa kweli anamlaumu. "Ungenikamata Jumatatu, Mama Chance."

Wakampeleka.

Micheline alivuta kiti, akakaa pale alipotoka kukaa daktari. Kilikuwa bado na joto.

"Anza ukurasa mpya," alimwambia Nicolas.

"Chef, si lazima leo."

"Leo."

Mlangoni alisimama Mama Augustine, mjukuu mgongoni. Aliitwa kuja kutambua zile karatasi. Nicolas alitaka kumwomba angoje nje. Micheline akatikisa kichwa.

"Mwache aingie. Jumatatu aliniona."

Nicolas alikohoa, akalainisha karatasi kwa kiganja.

"Jina?"

"Micheline Lotika."

"Kazi?"

"Inspekta wa polisi."

"Undugu au uhusiano na mtuhumiwa?"

"Parrain wa mtoto wangu."

"Sheria inasemaje kwa mpelelezi mwenye uhusiano na mtuhumiwa?"

"Atangaze siku hiyo hiyo. Atoke kwenye kesi."

"Ulitangaza?"

"Hapana."

"Karatasi ulipoiona, ulijua imetoka wapi?"

"Nilijua kabla sijamaliza kuikunjua."

"Aurélie alinunua dawa siku gani?"

"Jumanne."

"Kama farmasi ingefungwa Jumatatu..." Nicolas aliiacha kalamu ikasimama hewani. Macho yalikuwa yamemjaa machozi.

"Maliza swali lako."

"Siwezi, Chef."

Mama Augustine alilimaliza kwa namna yake. Alikuja mpaka kwenye meza, akaweka mkono juu ya ubao.

"Kwa nini?" aliuliza. "Mimi nilikupatia kila kitu. Sikukuficha hata kachupa kamoja."

Micheline alimtazama. Majibu yalikuwepo, mazuri, yenye kueleweka: uchovu, mashaka, kutafuta ushahidi zaidi. Yote alikuwa amewahi kuyasikia kutoka kiti kile.

"Docta aliniokolea mutoto wangu, Mama. Wa kwako sikuwa ninamujua."

Mtoto mgongoni aliamka, akaguna, akalala tena. Mama Augustine hakumtukana wala hakumgusa. Alimgeukia Nicolas.

"Andika ile," alisema. "Vile vile alivyosema."

Nicolas akaandika.